Chura wa Marehemu

Jumatatu, 14 Julai
Bahati imenidondokea! Nimeenda Upanga kumtengenezea Bi Mgeni televisheni. Akanipa boksi la makorokoro ya marehemu mumewe, aliyekuwa akitengeneza gemu Ulaya zamani. Ndani: kaseti ya gemu. Haina picha. Imeandikwa kwa kalamu tu: "Majaribio."

Nimeichomeka kwenye mashine kuukuu kibandani kwangu Kariakoo. Imewaka! Chura mwenye viatu anaruka ukuta. Hatua mbili, kisha inaganda. Anuari, fundi simu wa meza ya jirani, akasema mbovu hiyo. Wivu! Hiyo ni sampuli. Gemu yenyewe haikuwahi kufika dukani. Huenda iko moja tu duniani, na ninayo mimi, Idrisa!

Jumanne, 15 Julai
Nimempigia Leticia, anayekusanya gemu za kale kwa maonyesho. Amepiga kelele za furaha. Atakuja Ijumaa kuinakili. Jina langu litabandikwa ukutani! Kasisitiza nisiiguse kabisa. Mimi? Miaka ishirini ya ufundi, nafundishwa kushika kaseti?

Bi Mgeni naye atakuja. Hajawahi kuona kazi ya mumewe hata siku moja.

Alhamisi, 17 Julai
Anuari anatangaza kwamba kaseti yangu inanuka panya. Inanuka kweli. Nimeifungua. Ndani kuna chipu yenye kidirisha cha kioo, kimezibwa kwa stika iliyokunjamana. Aibu gani hii mbele ya wageni! Nimeibandua. Kisha wazo. Kinyozi Abubakary ana kile kisanduku cha taa ya bluu cha kuulia vijidudu. Nimeilaza kaseti humo, ikiwa wazi, pamoja na vichana, saa nzima. Imetoka safi kama ya hospitali. Anuari atakoma!

Ijumaa, 18 Julai
Bi Mgeni kaja na viatu vipya. Nikamwamkia, nikampa kiti cha mbele. Nikawasha.

Giza.

Nikapuliza. Nikachomeka tena. Giza. Leticia akaifungua, akauliza stika iko wapi. Nikaeleza, mpaka kwa kinyozi. Akajishika kichwa. Kumbe taa ile ndiyo inayofuta yaliyohifadhiwa kwenye chipu za aina hiyo, na stika ilikuwa ya kuzuia mwanga. Anuari hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Bi Mgeni akauliza taratibu, "Huyo chura alikuwa anarukaje, mwanangu?"

Nikachuchumaa. Nikaruka, magoti nje, mikono kiunoni. Nikaruka tena. Wapita njia wakasimama. Wasimame! Bi Mgeni akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. Akasema ndivyo mumewe alivyokuwa akiruka madimbwi, hivyo hivyo, mikono kiunoni.

Leticia akanirekodi. Eti ndiyo nakala pekee iliyobaki.

Jumapili, 20 Julai
Bi Mgeni amepata kaseti ya pili uvunguni, ganda limevunjika nusu, stika iko wazi! Amenipa mimi, si Anuari, nimpelekee Leticia kesho. Leticia amepiga simu mara nne: usifungue, usibandue stika, usimsogelee kinyozi. Nimeapa yote matatu, na naheshimu kiapo. Stika haibanduki ng'o.

Ila imejikunja pembeni. Haipendezi. Nimemwomba mke wangu, Kijakazi, pasi. Anauliza ya nini. Asiyejua ufundi utamweleza nini?

Pasi imeshapata moto.