Mtume Paulo Aseme Moja: Niolewe au Nisiolewe?

Baba Askofu Mpendwa,

Naubusu mkono wako wa kuume, kisha naomba uketi, maana jambo lenyewe ni zito.

Mimi ni Veturia Drăgoi, mjane wa miaka sitini na tisa, mwokaji wa mikate ya ibada hapa kijijini Valea Cireșului. Sijawahi kuilalamikia Biblia. Niliwahi kulalamikia kengele, hukujibu, nikakusamehe.

Sikukuu ya Mtakatifu Eliya, Haralambie mfuga nyuki, naye mjane kama mimi, alisimama mlangoni pangu, kofia mkononi, mtungi wa asali kwapani. Akasema: "Veturia, kila jioni wewe wanywa supu kwako ukiongea na paka, mimi nanywa kwangu nikiongea na paka. Tuoane, jamani, paka wapumzike."

Nikaona haya kama kigoli. Nikamwambia kwanza niyaulize Maandiko. Laiti ningeuliza paka! Malalamiko yangu ni haya:

1. Kabla mtungi haujafunguliwa, akaingia wifi yangu Sofronia, dada wa marehemu mume wangu, na Wakorintho wa Kwanza, sura ya saba: mjane ana heri zaidi akikaa alivyo. "Umesikia, wifi? Heri! Basi keti hapo na heri yako."

2. Kesho yake Haralambie akaja na Timotheo wa Kwanza, sura ya tano. Paulo yuleyule anataka wajane waolewe! Sofronia akapaza sauti toka ng'ambo ya ua: "Wajane vijana, mzee! Vijana! Huyo magoti yanalia kama mlango wa ghala!" Haralambie akamjibu: "Kwa Mungu miaka elfu ni kama siku moja. Kwa hesabu hiyo, Veturia hajaachishwa ziwa." Sikucheka, Baba Askofu. Nilikwenda kuchekea jikoni.

3. Nikamwendea Padre Iustin. Akasema, "Mama, Paulo aliwaandikia watu mbalimbali wenye shida mbalimbali. Lazima tufasiri." Nikamuuliza, "Na mimi, Padre, aliniandikia wapi?" Akatazama saa yake.

4. Nikataka kujua kama wifi nimjibu au ninyamaze. Methali, sura ya ishirini na sita, aya ya nne: usimjibu mpumbavu. Aya ya tano: mjibu. Zinafuatana kama bata, hakuna hata nafasi ya kuvuta pumzi! Nikatii zote mbili. Jumatatu nilinyamaza, akasema nina kiburi. Jumanne nilimjibu, akasema sina adabu.

5. Sasa kijiji chote kimeingia katika kugombanisha aya. Kwenye karamu ya kumkumbuka marehemu mmoja, mtunza kanisa Ilarion alisema Yuda alijinyonga. Mwimbishaji akasema la, Matendo ya Mitume yasema alianguka akapasuka. Ilarion akasema, "Alijinyonga, kamba ikakatika, ndipo akaanguka." "Hiyo kamba kukatika imeandikwa wapi, we mzushi?" Hapo kabichi ya kujazwa nyama ikaruka mezani, ikamkuta Padre katikati ya kufasiri. Marehemu hakuombewa hata amina.

Usinicheke, Baba. Tangu Pantelimon wangu afariki, yapata miaka kumi na mmoja, hakuna mtu aliyeniuliza nimeamkaje. Haralambie huniuliza, tena husubiri jibu. Ndiyo maana nataka neno moja, siyo mawili.

Kwa hiyo naomba Biblia ipewe sauti moja. Aya mbili zikigombana, moja itolewe kabla ya mavuno ya plamu. Kuhusu Paulo, ishikwe barua aliyoiandika mwisho, kama tufanyavyo na wosia. Kama huko kwenu hakuna wa kufanya kazi hiyo, mimi nina mkasi mzuri na mkono hautetemeki.

Nisalimie katibu wako, mpishi wako, na mama yako mzazi kama yu hai. Kama hayupo, astarehe kwa amani.

Mwanao mtiifu, ila aliyechanganyikiwa,
Veturia Drăgoi

N.B. Barua hii imechelewa, karani wa posta alikuwa mgonjwa. Katika kungoja, nilichoka kufasiri, nikaolewa Jumapili iliyopita. Sofronia alilia kuliko wote, kisha akacheza hadi kisigino cha kiatu kikang'oka. Leo asubuhi mume wangu alitaka nikafunge dirisha, akanisomea Waefeso, sura ya tano: wake, watiini waume zenu. Nikapanda aya moja tu juu yake: mtiiane. Akajikuna, akaenda kulifunga mwenyewe. Baba Askofu, nakusihi kwa magoti yote mawili, usiguse hata nukta. Nitazihitaji zote.