Mshale Usioshuka

Wananchi wote, wenye vyombo vya moto na wanaotembea kwa miguu, wanatangaziwa kwa furaha kubwa kwamba kuanzia leo mafuta hayaishi tena.

Ndivyo lilivyosema tangazo la Mamlaka ya Kudhibiti Kuishiwa, na lilibandikwa kila palipokuwa na ukuta. Watu wawili watatu wenye mioyo migumu waliuliza imewezekanaje. Imewezekana kwa utafiti. Wataalamu wa Mamlaka walikaa hotelini, wakala, wakajadiliana, wakala tena, ndipo wakagundua kwamba hakuna dereva aliyewahi kuingiwa na hofu ya kuishiwa kabla ya kuitazama geji. Mshale ukishuka, na moyo unashuka. Kwa hiyo mwenye makosa alikuwa mshale.

Basi geji zote zikapelekwa karakana za Mamlaka, za magari na za pikipiki, na mishale yake ikagandishwa kwa gundi penye alama ya kujaa. Gundi ilikuwa ya hali ya juu, iliagizwa kutoka nje. Kanuni zikafuata. Kwenda kituo cha mafuta ilhali mshale wako umejaa ni ulimbikizaji. Kutikisa pikipiki ili kulisikiliza tangi ni kuichungulia serikali. Koki ya riziva, ile ya kufungulia mafuta ya akiba, ikafungwa kwa waya na lakiri nyekundu, kwa sababu mwenye imani hahitaji akiba. Na kutamka hadharani kwamba mafuta yameisha ni uvumi, na uvumi una jela yake.

Mwenye fikra hizi zote alikuwa Kamishna wa Mamlaka, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima na miwani ya kusomea aliyoivaa hata asiposoma. Siku tunayoizungumzia ilikuwa siku yake. Waziri alikuwa anakuja ukumbini kuutangazia umma kwamba tangu mishale igandishwe, hakijaripotiwa hata chombo kimoja kilichoishiwa. Baada ya makofi angemtaja Kamishna kuwa Katibu Mkuu wa Wizara. Kamishna alikuwa ameutamani ukatibu mkuu mpaka ukamkosesha usingizi. Mkewe alikwisha kuwaambia majirani, na suti mpya ilikwisha kushonwa. Kilichobaki ni kitu kimoja tu, awe mlangoni Waziri atakapowasili, maana Naibu wake, kijana wa juzi mwenye viatu vya kung'aa, alikuwa tayari amesimama pale na shada la maua, na Waziri alijulikana kuwa mtu wa kumpa cheo yeyote aliyemwona wa kwanza.

Asubuhi hiyo gari la Kamishna likakataa kuwaka.

"Mshale unasemaje?" akamuuliza dereva wake.

"Umejaa, mheshimiwa."

"Sasa gari lina nini?"

Dereva alifikiri kwa uaminifu. "Lina mshale, mheshimiwa."

Kamishna akatoka mbio hadi kijiwe cha bodaboda pembeni ya barabara. Waendesha pikipiki walipoiona miwani ile wakatawanyika, huyu anafunga kamba ya kiatu, yule anasukuma pikipiki uchochoroni. Akabaki mmoja tu, mwanamke mwenye koti la mvua na helmeti iliyopasuka, anakula karanga bila wasiwasi. Kamishna alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa mama yake mdogo.

Mama mdogo huyu alizaliwa Kamishna akiwa tayari anaenda shule, maana babu yake alioa tena uzeeni na akamshangaza kila mtu. Kamishna ndiye aliyembeba mgongoni, akamfuta kamasi, akamfundisha kuhesabu. Lakini ukoo hauangalii umri. Mdogo wa mama ni mama, na mama huamkiwa.

"Shikamoo," akanong'ona Kamishna.

"Sijasikia."

"Shikamoo, mama mdogo!"

"Marahaba, mwanangu. Suti imekupendeza. Nani kafa?"

"Niwahishe ukumbini, tafadhali. Waziri yuko njiani."

Mama mdogo akaishika pikipiki usukani, akaitikisa kushoto kulia, akaliwekea tangi sikio.

"Usitikise!" Kamishna akaangaza macho huku na huku. "Watu wanaona!"

"Nasikiliza."

"Mshale umejaa."

"Mshale umejaa, na mimi nina wajukuu." Akaligonga tangi kwa kifundo cha kidole, nalo likatoa mlio. "Debe tupu haliachi kutika. Jana nilikwenda kuongeza, vijana wako wakanifukuza kituoni. Wakaniambia nina tamaa."

"Twende hivyo hivyo, mama mdogo. Nakuomba. Maisha yangu yote yako ukumbini."

Alilisema kwa sauti iliyovunjika, na mama mdogo akamtazama vizuri. Akamkung'utia kiti vumbi. "Ulinibeba, nami nitakubeba. Panda. Na hiyo tai iingize ndani, isije ikaingia kwenye mnyororo nikafiwa."

Wakaondoka. Kwa muda safari ilikuwa tamu. Upepo ulimpiga Kamishna usoni, akaanza kujisemea hotuba ya shukrani. Alikuwa amefika kwenye "nachukua fursa hii" pikipiki ilipokohoa.

"Nini hicho?"

"Inaomba riziva. Nikate lakiri?"

"Hapana! Kukata lakiri ni kosa."

"Kosa la nani?"

"La yeyote! Nimeliandika mwenyewe!"

Pikipiki ikakohoa tena, ikaruka kidogo, ikanyamaza katikati ya barabara yenye maduka. Mama mdogo akashuka. "Njoo shika huku. Tuilaze."

Kuilaza pikipiki ubavu, ili vijitone vilivyojificha upande wa pili wa tangi vimwagikie upande wenye koki, kulipigwa marufuku kwa jina la kuchochea hali ya kukata tamaa. Kamishna alitazama saa yake. Akamwona akilini Naibu na shada lake la maua. Akashika nyuma, wakailaza. Watu wakatoka madukani.

"Imechoka tu!" Kamishna akawatangazia, huku ameinama na suti yake mpya. "Inapumzika! Hakuna cha kuona!"

"Iambie igeukie ukutani basi," akajibu muuza mitumba, na barabara nzima ikacheka.

Wakaisimamisha. Ikawaka. Ikaenda kwa vishindo mpaka kwenye mzunguko wa barabara mbele ya ukumbi, ikazima kabisa chini ya bango kubwa lenye picha ya Kamishna anayetabasamu, na maneno MAFUTA HAYAISHI.

"Njia ya mwongo fupi," akasema mama mdogo. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

Hapo ndipo alipofika Sajini wa doria wa Mamlaka, mwanafunzi bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha Kamishna. Akapiga saluti, akainama, akausoma mshale.

"Umejaa," akasema. "Hongera, mheshimiwa. Sasa mbona haiendi?"

Kamishna akautazama mshale naye. Kuna neno moja tu lililofaa, na lilikuwa na jela.

"Nijibu mimi?" akauliza mama mdogo.

"Nyamaza, mama mdogo!"

Sajini akakuna kidevu, akafikiri kama alivyofundishwa. "Chombo kina mafuta. Chombo hakiendi. Mafunzo yanasema, chombo chenye mafuta kisichokwenda kimegoma." Akachukua simu ya upepo. "Makao makuu, nina mgomo hapa mzungukoni. Ndiyo, una kiongozi. Ni Kamishna mwenyewe. Ndiyo, anaonekana amedhamiria."

"Sijagoma!"

"Basi washa uende, mheshimiwa."

Kamishna akapanda pikipiki, akaipiga kiki. Akaipiga tena. Suruali ya suti mpya ikaachia mshono wa nyuma kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo. Umati, ambao sasa ulikuwa umefunga njia zote, ukawa unamsaidia kwa kuimba kila akikanyaga. Sajini akamhurumia. Akamweleza kwa upole kwamba mgomo si kosa, sheria ya zamani inayouruhusu hakuna aliyekumbuka kuifuta, alimradi uwe na madai. "Makao makuu wanauliza mnadai nini."

Kabla hajajibu, ving'ora vikalia. Msafara wa Waziri ulikuwa unaingia mzungukoni. Pikipiki za mbele, mbili nyeupe zinazong'aa, zikakohoa kwa zamu, zikasimama. Nyuma yake gari refu jeusi likafika, likatetemeka, likasimama nalo. Madereva watatu wakainama kwa pamoja kutazama mishale, wakainuka wakiwa na nyuso za watu waliopata majibu mema hospitalini.

Kioo kikashuka. Akatokeza Waziri.

"Kamishna! Kuna nini?"

"Mheshimiwa, ni... ni hali ya..." Kamishna alikitafuta kile Kiswahili chake cha ofisini, hakikuwepo. Kilikuwa kimemwagika njiani.

"Watu wanapiga picha," Waziri akasema kwa meno yaliyofungwa. "Waambie mafuta yapo. Sema tu, 'Mafuta yapo.' Ukimaliza kusema, wewe ni Katibu Mkuu. Sihitaji hata kufika ukumbini."

Umati ukasogea karibu. Kamishna akaitazama ile kazi aliyoilia miaka yote, iko mbele yake, maneno mawili tu. Akamtazama mama mdogo, ambaye alimtolea karanga moja tu kiganjani. Akaukumbuka mshono uliopasuka. Kicheko kikamwanzia tumboni, kikapanda. Alijaribu kukizuia kwa kukohoa, akakohoa kama pikipiki, na hilo likamchekesha zaidi.

"Mheshimiwa," akasema akijishika mbavu, "kama yapo, washa twende."

Umati ukalipuka. Kamishna aliona cheo kinaondoka, akakionea uchungu, uchungu wa kweli. Kisha akaona ajabu moja. Mabega yake yalikuwa mepesi.

Waziri akaamuru gari liwashwe. Likanung'unika, likanyamaza. Sajini akakaribia dirisha, akapiga saluti ya kupigiwa mfano.

"Mheshimiwa Waziri, chombo chako kina mafuta na hakiendi. Una njia mbili. Useme yameisha, nikukamate kwa uvumi. Au uwe umegoma."

Waziri alikuwa mwanasiasa mkongwe, na jela haina kiyoyozi. Akafungua mlango, akashuka, akainua ngumi.

"Nimegoma!" akasema. "Nimechoka!"

Makofi yalivyopigwa, hata yeye alishtuka. Hajawahi kupigiwa makofi ya bure.

"Mnadai nini?" Sajini akauliza.

Waziri akatazama huku na huku. "Tunadai... mafuta."

"Mnamdai nani?"

"Waziri."

"Yupo?"

"Yupo."

"Ajibu."

Waziri akarudi garini, akaketi, akarekebisha tai, akatoa kichwa dirishani. "Serikali yenu sikivu imesikia kilio chenu. Tutaunda kamati."

"Sajini, andika kwamba jibu halituridhishi!" akapaza sauti Kamishna, ambaye wagomaji walikwisha kumfanya katibu wao, kwa sababu ndiye pekee mwenye miwani. "Mwenyekiti wetu aje ajibu!"

Waziri akashuka tena, kwa kuwa wagomaji walikwisha kumfanya yeye mwenyekiti wao. "Kamati hatuitaki!" akanguruma, na wakamshangilia. Akarudi garini. "Kuweni na subira!" akasema dirishani, wakamzomea. Akashuka. "Subira tumeichoka!" Akageuka kurudi, akakuta mama mdogo ameufunga mlango, ameuegemea, anamenya karanga.

"Mwanangu," akasema, "utapata kizunguzungu. Chagua upande."

"Mama, nipishe. Mimi ni Waziri."

"Waziri yuko ndani ya gari. Wewe uko nje na sisi."

Waziri akachungulia. Kiti kilikuwa kitupu. Akamwangalia Sajini, na Sajini akasema kwamba kwa kweli hata yeye anaona hivyo, na kwamba asiyegoma na yuko barabarani kwa miguu anazuia magari, ambalo ni kosa la papo kwa papo. Akazigusa pingu zake, bila ubaya wowote.

Mama mdogo akaondoa stendi ya pikipiki. "Haya, tuzisukume. Ukumbi ni ule pale, na wana soda."

Wakasukuma. Bodaboda, pikipiki nyeupe za msafara, gari refu jeusi likisukumwa na muuza mitumba na wenzake. Kamishna alisukuma ya mama mdogo kwa nyuma, shati nje, suruali wazi kwa upepo, akicheka kama mtoto aliyetoroka shule. Mtu mmoja mbele akaanzisha wimbo wa kudai Waziri ajiuzulu, na umati ukaupokea. Sajini akawa anapita pembeni mwa safu, anasikiliza kwa makini nani haimbi.

Mlangoni mwa ukumbi Naibu aliwaona wanakuja, akanyoosha shada la maua, akatafuta uso wa Waziri katika vumbi lile ili ampe. Haikumchukua muda kumpata. Alikuwa mstari wa mbele, amekamata usukani wa pikipiki, mishipa ya shingo imemtoka, na katika maelfu yale ya watu waliodai Waziri ajiuzulu leo hii hii, hakuna aliyepaza sauti kumshinda.