Skrini Niliyompokonya Mhasibu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeipata! Skrini ya pili iko mezani kwangu. Mhasibu ndiye aliyeiomba kwanza, eti macho yanamsumbua. Nikamwahi kwa bosi. Nikasema nikiwa na skrini mbili ripoti ya mwaka itakuwa tayari Alhamisi, tena mambo ya skrini mbili nayajua kama kiganja cha mkono wangu. Bosi akasema nikiweza, ukuu wa kitengo ni wangu. Mhasibu alisogeza kiti, pua karibu iguse skrini yake ndogo. Nilijisikia vibaya. Si sana.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Skrini mpya iko kushoto, lakini mshale nikiupeleka kushoto unagota. Nikiupeleka kulia, unaibukia kushoto! Naburuta dirisha la ripoti huku, linatokea kule. Fundi wa kompyuta yuko chumba cha pili, ila nitamuulizaje na nimeshajitapa? Nikangoja watu waende kula. Nikazihamisha skrini zenyewe, ya kushoto nikaiweka kulia. Jasho, vumbi, nyaya shingoni. Mshale sasa unatii! Mhasibu alirudi mapema, akanikuta chini ya meza. Akauliza kama nimeangusha kitu. Nikasema nanyoosha mgongo.

Jumatano, 5 Machi
Kasoro moja tu. Skrini mpya sasa inatazama mlango, na humo ndimo ninamochezea karata. (Za kupumzisha akili.) Nimeihamishia ripoti humo humo, ili bosi akitokea niivute izifunike karata. Mkono unachelewa! Basi nikisikia viatu vyake naizima skrini nzima kwa kitufe. Leo kapita mara nyingi mno. Mwisho nimeiacha imezimwa, nikaenda zangu nyumbani.

Alhamisi, 6 Machi
Ripoti haipo! Naibonyeza, haitokei. Kompyuta inadai imefunguka. Imefungukia wapi? Nikajua tu: wivu. Nikamwambia bosi, mbele ya ofisi nzima, kwamba mhasibu ameifuta. Mhasibu akaapa hajaigusa. Machozi yakamlengalenga. Fundi akaitwa. Hata hakukaa. Alinyoosha kidole, akawasha skrini ya pili. Ripoti hiyo! Pale pale nilipoiacha jana, nusu imefunikwa na karata. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bosi akauliza kama angalau nilikuwa nashinda.
Nilikuwa nashindwa.

Ijumaa, 7 Machi
Skrini imehamia kwa mhasibu. Ukuu wa kitengo pia. Nimekwenda kumwomba radhi. Hii ni aibu ya kweli, inachoma hadi masikioni. Akasema yameisha, kaka. Kisha akanionyesha jinsi ya kugawa skrini moja, ripoti upande huu, barua upande ule. Na ule mshale? Akasema kuna mahali ndani ya kompyuta pa kupangia skrini ipi iko upande gani. Siku ile aliponiona chini ya meza alijua, ila aliogopa kuniaibisha. Nilikaribia kulia. Mtu mwema vile! Nimeapa kubadilika.

Jioni nimepita kwa mama mkwe kuazima miwani yake. Nzito ajabu, ukiivaa huoni hata mlango. Jumatatu nitaingia nayo kwa bosi, nimweleze jinsi macho yanavyonisumbua.