Tafadhali Muuzie Mume Wangu Bastola Moja

Bi Arlys Vandehey,
Barabara ya Kinu cha Zamani,
Little Otter, Wisconsin.
Februari.

Kwa Bwana Duane Pelkey,
Mwenye duka la silaha na uwanja wa shabaha,
Little Otter.

YAH: MUME WANGU NORBERT, NA BASTOLA ASIYOMALIZA KUICHAGUA

Ndugu Duane,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyuma ya kaunta yako, wewe na mkeo Verna, na yule mbwa wenu mnene anayelala mlangoni mpaka wateja wamruke. Sisi huku tu wazima. Theluji tumeizoa, kuku wanataga. Ningependa barua iishie hapo, lakini haiwezekani.

Ninakuandikia kwa heshima zote kukuomba, na ombi likishindikana kukudai, umuuzie mume wangu bastola. Moja tu. Yoyote ile. Tangu majani yapukutike, Norbert anakuja dukani kwako kila Jumamosi kuchagua bastola ya ukubwa kamili, ya risasi nene, ya kulengea shabaha basi, si ya kubeba kiunoni wala ya kulinda nyumba. Msimu wa kuwinda kulungu umepita, Krismasi imepita, ziwa limeganda watu wanaegesha magari juu yake, na yeye bado anachagua. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Huyu wangu kachagua jembe mpaka wenzake wamevuna.

Malalamiko yangu nimeyatia namba, usije ukasema hukuelewa.

1. Wewe ndiye uliyeanza. Kabla yako nilikuwa na mume mtulivu kuliko waume wote wa wilaya hii. Unajua vizuri kwamba yeye na kaka yake Clete walikuwa wakija kwako kila Jumamosi na ile bastola ya arobaini na tano ya marehemu baba yao, wakipokezana. Clete alipofariki, bastola ilikwenda kwa binti yake kule Arizona, kama ilivyopasa, na Norbert akaingia ndani akaketi kwenye kiti cha dirishani. Akaketi baridi yote. Akaketi mpaka ndege wakarudi, na mahindi yakakomaa. Hakuomba kitu. Hakulalamika. Chakula alikula nusu, akasema asante. Nyumba ilikuwa kimya hata nikawa nasikia friji likiguna. Mwanamke gani hatamani amani kama hiyo? Saa yoyote nilijua mume wangu yuko wapi.

Ndipo wewe, bila kuniuliza, ukapiga simu: "Mzee, nimeletewa hizi bastola tano kubwa kubwa, hata sijui ipi ni ipi. Hebu njoo unisaidie macho." Wewe, Duane, uliyeuza silaha tangu nywele zako zikiwa nyeusi, hujui ipi ni ipi! Haya. Akavaa buti akaja. Tangu hapo sijaijua amani.

2. Baraza lako la kaunta. Pale kwako wamo Orville Zastrow, fundi bomba mstaafu, na Lyle Mattek, aliyekuwa dereva wa basi la shule, na sahani ya donati. Hawa wawili hawanunui kitu, kazi yao ni kushauri. Norbert akishika arobaini na tano, Orville anasema, "Hapo ndipo penyewe, ndugu yangu. Risasi nene, mwendo wa taratibu, tundu kwenye karatasi unaliona bila miwani." Norbert anakubali. Pochi imeshatoka mfukoni. Lyle anameza kipande cha donati, anasema, "Sawa, lakini dubu je? Mimi ningechukua ile ya milimita kumi, hiyo inaangusha mnyama."

Dubu! Uwanja wako uko ndani ya jengo, Duane, umepakana na duka la mazulia. Huyo dubu atapita wapi? Atajiandikisha kwa Verna, alipe ada, avae viziba masikio? Lakini Norbert anairudisha pochi mfukoni na kusema, "Lyle naye ana hoja." Basi mnaanza upya mpaka unafunga duka. Mimi naletewa hoja zote nyumbani, pamoja na unga wa sukari kwenye masharubu.

3. Desturi yenu imehamia jikoni kwangu. Sheria ya kaunta naijua: kabla ya kumpa mtu bastola unaifungua, unaangalia kama ina risasi, unamwonyesha, na yeye akiipokea anaifungua na kuangalia tena hata kama amekuona kwa macho yake. Ni desturi nzuri, imelinda watu, siipingi. Ila Norbert sasa anaitumia kwa kila kitu chenye mdomo. Nikimpa chupa ya haradali anaifungua, anachungulia, ananionyesha, ndipo anaiweka mezani mdomo ukielekea ukutani. Jumapili iliyopita, tukiwa kwenye chumba cha chini cha kanisa baada ya ibada, mke wa mchungaji alimkabidhi thermosi ya kahawa amsaidie kumimina. Mwanamume akaifungua, akachungulia, akamwinamishia aone, akatangaza kwa sauti, "Haina kitu."

Yule mama akaona anasemwa kwa uchoyo mbele ya waumini. Mpaka leo salamu yake kwangu ni ya juu juu, na Pasaka ndiyo hiyo inakuja, na zamu ya kuoka tumepangwa mimi na yeye.

4. Mpini. Mmemwambia kwamba bastola ni ile inayokaa mkononi, basi kila chenye mpini lazima kipimwe. Drili. Pasi yangu. Bomba la mafuta pale kituo cha petroli alilishika kwa mikono miwili, miguu kaitanua, jicho moja kalifumba, akaniambia kupitia dirisha la gari, "Arlys, hii ingekuwa bastola ningeinunua leo leo." Nikamwambia, "Inunue basi, twende nyumbani." Nyuma yetu kulikuwa na foleni.

Dada yangu Elvira alipotutembelea naye hakusalimika. "Shemeji ni kama ile milimita kumi," Norbert akasema tukiwa mezani, "mzuri sana, ila kelele zake." Elvira hakujua kama kasifiwa au katukanwa. Akaomba aongezwe viazi.

5. Hili ndilo lilistahili kuwa la kwanza kwa uzito wake: mmeniingiza na mimi.

Ile Jumamosi ya barafu nilimwendesha kwa sababu ya goti lake jipya alilowekewa hospitali. Nilikuja na ufumaji wangu, nikaketi benchini, sikumchokoza mtu. Wewe ukanijia na maneno yako ya asali, "Bi Arlys, hebu jaribu na wewe, utachoka kufuma," ukaniwekea mkononi kibastola kidogo, chepesi, eti saizi ya mama. Kidubwana kile kilinirukia kama paka aliyekanyagwa mkia, kikanichuna ngozi ya gumba. Nikasema, nipe hiyo kubwa ya chuma anayoishika mume wangu. Mkacheka nyote. Chekeni tu.

Mimi sijui bastola na sitaki kuzijua. Lakini yeyote aliyewahi kupika kwa kikaango cha chuma anajua kwamba kitu kizito hakirukiruki. Ile kubwa ilinisukuma tu, kama ng'ombe anayetaka kupita mlangoni. Mtutu wake ni mrefu, kilengeo cha mbele kiko mbali na cha nyuma, kwa hiyo jicho halibabaiki. Mpini unajaa kiganja na hakuna kidole kinachobaki kikining'inia. Kifyatulio hakihitaji kuvutwa kwa hasira, unakibembeleza. Narudia kwamba sizijui bastola. Risasi zangu zote zilikaa mahali pamoja, ungeweza kuzifunika kwa kikombe cha kahawa.

Orville akasema, "Loo!" Lyle akamsahau dubu. Na Norbert akacheka. Alicheka mbele za watu mpaka akashika ukuta, machozi yakimtoka, "Na miwani ya kusomea, jamani! Amepiga na miwani ya kusomea!" Hajacheka namna hiyo tangu tumzike Clete. Sikujua niuweke wapi uso wangu. Niliendesha gari mpaka nyumbani barabara siioni vizuri, kwa aibu bila shaka.

6. Tangu siku hiyo anamaliza sahani na kuomba nyingine. Nyama ya kulungu niliyotegemea itufikishe kiangazi imekwisha kwenye friza.

7. Hili nimelisahau. Nitalikumbuka nikishabandika stempu.

Kwa hiyo naomba hatua zichukuliwe, kwa ngazi, kama watu wastaarabu.

Jumamosi hii, Norbert akigusa pochi tu, Lyle azibwe mdomo kwa donati ya pili, ya tatu ikibidi. Nitaoka mwenyewe.

Ikishindikana, zile bastola tano zipewe namba, na namba zitiwe kwenye pipa la bahati nasibu ya nyama siku ya Ijumaa pale baa, katikati ya soseji na mapaja ya nguruwe, Norbert achomoe moja kama wanavyochomoa wenzake. Namba tu, Duane. Bastola zibaki kabatini kwako na karatasi za serikali zijazwe kama kawaida; sisi si wahuni. Akipata arobaini na tano, vema. Akipata paja la nguruwe, pia vema, tutakula.

Na hilo likishindikana, basi mchukueni Norbert mwenyewe moja kwa moja. Si anashinda kwenu? Mtieni kwenye kabati la kioo, taa imwangazie, na kadi shingoni: "Imetumika, ya ukubwa kamili, goti moja jipya, hali nzuri." Asipopata mnunuzi mpaka Pasaka, mpunguzeni bei. Mimi sitakuja kumnunua. Labda kumtazama tu, siku za Jumamosi.

Nikiona hakuna kilichofanyika nitampelekea malalamiko haya mhariri wa gazeti la wilaya, ambaye ni mtoto wa binamu yangu, na mchungaji, ambaye mkewe tayari ana kinyongo. Mchagua nazi hupata koroma, na mwuza nazi anayemwacha mteja achague msimu mzima naye ana lake.

Nisalimie Verna, mwambie kitambaa alichonipa siku ile nijifute macho nitamrudishia. Msalimie Orville. Lyle naye msalimie, na dubu wake. Mbwa mpapase kichwa.

Ni mimi, mwanamke ambaye subira yake imefika ukingoni,
Arlys Vandehey (Bi)

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena, samahani kwa mikunjo.

Norbert ameingia sasa hivi kutoka kuzoa theluji. Amesimama mlangoni na koleo mkononi, akaniambia, "Arlys, nimeshapata. Ile kubwa uliyoipiga wewe. Jumamosi namwambia Duane anifungie, yaishe." Nikasema vizuri, hongera, na mimi nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu majani yapukutike.

Kisha akaenda akaketi kwenye kile kiti cha dirishani.

Alikuwa anavua buti tu, Duane. Zilipotoka akanyanyuka, akauliza chakula kiko wapi. Lakini kile kitambo alichokaa pale mgongo ukinielekea, mimi nilishika meza kwa mikono miwili, nikaona ile baridi ya Clete imenirudia nyumbani.

Basi usimuuzie. Nakuomba sana. Najua utasema aliyenunua naye huja kupiga shabaha, na ni kweli. Lakini mwenye bastola anaweza kuifungia kabatini akakaa, na anayechagua hawezi kuchagua bila watu. Mwambie ile kubwa umeona kasoro kwenye kilengeo. Mwambie kuna nyingine umeagiza, iko njiani, theluji imeizuia. Mwulize Lyle habari za dubu. Mimi nitakuja juu kama kawaida yangu, nitasema maneno makali, wala usijali.

Mwambie arudi Jumamosi ijayo. Nitamleta mwenyewe, na safari hii sitabeba ufumaji.