Ripoti Yangu ya Siri na Sisimizi wa Korogwe

Leo nimeadhirika, ndugu zangu, na aliyeniadhiri ni mimi mwenyewe.

Mnajua mimi ni karani wa masjala hapa Handeni. Miaka minane, cheo kilekile. Kila mwaka mkuu wangu huandika ripoti ya siri juu yangu, na sijawahi kujua anasema nini. Jana akanikabidhi bahasha niipeleke Korogwe, kwa afisa utumishi wa mkoa aliyefika huko kupitia watu wa kupandishwa vyeo. Ripoti yangu mwenyewe! (Gari la ofisi halina tairi, ndiyo maana.)

Asubuhi nilikuwa nangoja basi kwa mama muuza uji. Mwezi uliopita nilichelewa kazini mara mbili, tulipokuwa tunalima shamba la kijiji kule Mazingara. Je, kama ameandika mvivu? Nikaishika bahasha juu ya mvuke wa birika. Ikafunguka.

"Mchapakazi. Mwaminifu. Anafaa kupandishwa cheo."

Nusura nilie. Nikaifunga haraka kwa uji, maana gundi ningeitoa wapi? (Uji ulikuwa na sukari. Hilo sikuliwaza.)

Korogwe nilikaa kwenye benchi saa nzima, bahasha kando yangu. Nilipoitwa nikatoa shikamoo, nikaiweka mezani kwa mikono miwili. Yule afisa, mtu mzee, hakuigusa. Alikuwa akitazama sisimizi wanaotoka kwenye ile bahasha, mmoja nyuma ya mwingine, wakielekea mkononi mwake.

"Nani ameifunga hii?"

"Mkuu wangu, mzee."

Akainusa. "Mkuu wako anafunga barua za serikali kwa uji?"

Akaifungua, akaisoma kwa sauti, polepole. Alipofika kwenye "mwaminifu" akanitazama.

"Umeifungulia nini?"

"Miaka minane naandikwa, mzee. Nafanya kazi kwa woga, kosa langu silijui."

Hakucheka. Hakukasirika pia, na hilo ndilo lililonimaliza. Akaandika barua fupi, akaifunga kwa lakiri, ile nta ya muhuri, akaniambia nimpe mkuu wangu kesho, mkononi.

Cheo nimepata au nimekosa? Sijui. Msinicheke. Hiyo barua nimempa mke wangu aifiche, na tangu nilipoingia amekaa nayo mapajani, ananiuliza kama kweli nitalala bila kujua imeandikwa nini.