Tano Toa Tano

Jumatatu, 3 Machi

Bosi katangaza: chipu yetu ya kompyuta, ya mfano, ikipita majaribio, Ijumaa kiwanda kinaanza kuzitoa kwa wingi. Atakayeipima vizuri ndiye mkuu mpya wa upimaji. Cheo changu hicho! Kikwazo ni shemeji, kaka wa mke wangu, meza ya jirani. Yeye huandika programu za majaribio kwa mkono, mojamoja, kama anayechambua mchele. Mimi nimebuni programu inayosoma kitabu cha amri za chipu, kinachoeleza kila amri inapaswa kuleta jibu gani, kisha inatunga majaribio yenyewe. Mke wangu kaonya nisimdharau kaka yake. Simdharau. Namhurumia.

Jumanne, 4 Machi

Majaribio yanazaliana kama sungura! Yote yamefaulu! Bosi kanipa mkono. Shemeji kauliza majibu sahihi nayatoa wapi. Kwenye chipu yenyewe, nikamjibu. Nani aijuaye kuliko yenyewe? Akasema huo ni mtihani ambao mwanafunzi anajisahihishia. Wivu! Nikamsamehe.

Jumatano, 5 Machi

Nimeita ofisi nzima ishuhudie. Shemeji akaomba jaribio dogo: tano toa tano. Chipu ikajibu moja. Programu yangu ikaandika SAHIHI, kwa kijani. Bosi akatazama vidole vyake. "Tano toa tano, moja?" Nikasema kwa mujibu wa chipu, ndiyo. Wa kwanza kucheka alikuwa mpika chai. Bosi akapiga simu kiwandani kusimamisha kila kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji kawa mkuu. Mke wangu kampikia, nyumbani kwangu! Kapewa paja la kuku, ambalo siku zote ni langu. Akaniambia kwa upole, "Shemeji, programu yako nzuri. Ila majibu yatoke kitabuni, siyo kwenye chipu. Nimemwomba Bosi asikufukuze." Nusura nilie. Nikaambulia shingo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefuata ushauri. Skrini nzima nyekundu! Namba yoyote ikitolewa kwenye namba ileile, chipu inabakiza moja. Mafundi wanasema kuirekebisha kutachukua miezi. Wamekaa wameshika tama, shemeji katikati yao. Maskini, hakuna hata mmoja aliyefikiri. Kitabu cha amri kimo kwenye kompyuta yangu, na ruhusa ya kukihariri ninayo. Ya nini kufumua chipu nzima, na kitabuni ni mstari mmoja? Palipoandikwa "hubaki sifuri", nimeweka "hubaki moja". Kijani tupu! Nakwenda kumpa shemeji habari. Atalia kwa furaha.