Kura za Ulimi wa Haki

Jumatatu, 3 Februari 2025
Ukatibu wa soko la mbuzi uko wazi. Kura ni Ijumaa baada ya swala. Katibu hukaa kwenye kiti kivulini; sisi madalali wengine tunashinda juani tumeshika mbuzi. Tena katibu huitwa kwa jina lake. Mimi soko zima linaniita Dhegweyne, yaani mwenye masikio makubwa. Ndiyo desturi yetu Wasomali: aliye kilema ataitwa Kilema, naye ataitika. Mimi siitiki, ila akiwa mteja.

Nimetaka kujipigia debe kwenye Facebook ya soko. Nikiandika Dhegweyne, ni aibu. Nikiandika jina langu halisi, Khalif Abdi Mohamed, wenye jina hilo wamejaa tele, mmoja anauza magodoro Wajir. Basi nimejiita Ulimi wa Haki. Nimemsifu Khalif, kisha nikaandika kwamba mpinzani wake, Diriye, huficha mbuzi wagonjwa katikati ya wazima. Raha iliyoje!

Jumanne, 4 Februari
Wamenipenda mno. Kisha Mzee Kulow, mkubwa wa soko, akauliza Ulimi wa Haki ni mtoto wa nani. Kwetu huwezi kusema neno zito kabla ya kutaja mababu. Nikabuni: Nur, mwana wa Samatar, mwana wa Gedi, wa Balambala. Hapo majina yakaniishia.

Jumatano, 5 Februari
Balaa. Mzee Kulow ameandika kwamba Gedi ni ndugu wa babu yake, na kwamba ukoo uliopotea umepatikana, alhamdulillahi. Sasa wanataka Ulimi wa Haki ndiye awe katibu. Nimewasihi wamchague Khalif Abdi Mohamed. Abdiwali, ninayekunywa naye chai kila asubuhi, akauliza huyo Khalif ni nani. Akajibiwa ni yule wa magodoro.

Alhamisi, 6 Februari
Nimemweleza mke wangu, Arbia. Amesema niandike tu kwamba mgombea ni Dhegweyne, soko lote litanijua. Nimemwambia mwanamume ana heshima yake. Amenijibu kwamba njia ya mwongo ni fupi, kisha akaendelea kuchambua mchele. Sikupenda alivyotabasamu.

Ijumaa, 7 Februari
Kura zilipigwa kwa kuinua mikono. Liliposomwa jina la Khalif Abdi Mohamed, watu walitazamana. Mkono ulioinuka ulikuwa wangu peke yake. Ulimi wa Haki akashinda, Diriye akawa wa pili. Mzee Kulow akamwita mshindi asimame. Nikasimama, nikasema ni mimi, wallahi.

Kicheko kilichozuka kiliwashtua mbuzi. Mzee Kulow aliniambia, “Warya, wewe Dhegweyne, kaa chini. Baba yako najua, babu yako najua. Huyo Gedi umemtoa wapi?” Mshindi hakuonekana, kwa hiyo kiti amepewa Diriye. Ameniagiza nimletee chai. Nimeipeleka kwa hasira.

Jumamosi, 8 Februari
Nimetafakari kwa kina. Kosa langu nimeliona: mababu walikuwa wachache. Leo nimefungua akaunti mpya, Sadiyo wa Sangailu, mjane mcha Mungu, mwenye malalamiko mazito juu ya katibu mpya. Huyu nimemwandalia ukoo mpaka Uarabuni. Mzee Kulow tayari ameuliza kama mama huyo ameposwa. Nimemjibu bado.